Wanachuo: mshauri wako wa taaluma unamjua hata kwa sura?

#1 Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Habari za humu wakuu, na nyie wanachuo mnaosoma kimya kimya bila kujisajili, habari zenu pia.

Matokeo yametoka, na foleni ya ofisini kwangu inaanzia kwenye ngazi. Mimi ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja hapa Tanzania (kukitaja siwezi, nina watoto wanakula), na idara imenikabidhi wanafunzi 58 niwe mshauri wao wa taaluma. Semista nzima iliyopita, mpaka siku ya kwanza ya mitihani, walionigongea mlango walikuwa wanne. Mmoja kati ya hao alikuwa anauliza choo kiko wapi. Leo wote 58 wananijua, na karibu kila anayeingia anaanza na sentensi ileile: "Mwalimu, naomba unisaidie."

Wengi wao siwezi kuwasaidia tena. Walichotakiwa kukifanya kilikuwa na tarehe, na tarehe imepita.

Nianze na lawama zetu sisi. Mwaka wa kwanza mnaingizwa ukumbini kwa mafunzo elekezi, joto kali, spika inakoroma, mnatambulishwa viongozi wote kuanzia makamu mkuu wa chuo mpaka msimamizi wa mabweni. Orodha ya washauri wa taaluma inakuja kubandikwa wiki ya tatu, kwenye ubao wa idara, herufi zenye ukubwa wa punje ya mchele. Wiki ya nne juu yake kuna tangazo: "Chumba masta, maji ndani, wanachuo tu." Imetoka hiyo.

Mimi mwenyewe nilisomea kwenye ubao kama huo. Shahada yangu ilikuwa ya miaka mitatu, na masomo ya hiari nilikuwa nachagua kwa kigezo kimoja tu: mwalimu asiyeita rejista. Mwaka wa pili nikasajili somo la krediti 8 kwenye nafasi ya somo la krediti 12. Mfumo ukapokea, kwa sababu kazi ya mfumo ni kupokea. Mwaka wa tatu, mahafali yamebaki mwezi, naitwa ofisi ya mitihani. Mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba akageuza kompyuta ili nione mwenyewe: 356. Shahada ilitaka 360.

Krediti nne. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha darasani, kujisomea na kuandika kazi. Kwa hiyo nilipungukiwa saa 40. Saa 40 hizo zikanirudisha chuoni semista nzima, kwa somo moja, kwa pesa ya mjomba. Mahafali ya wenzangu mimi ndiye niliyekuwa mpiga picha.

Siku hiyo ndipo nilipomtafuta mshauri wangu. Mzee wa watu akavua miwani, akanitazama, akasema: "Kumbe wewe ni wangu?"

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo watu wanaumia huku macho yako wazi. Vyuo vyetu vingi vinatumia mfumo wa pointi 5: A (70 na kuendelea) ni 5, B+ (60 hadi 69) ni 4, B (50 hadi 59) ni 3, C (40 hadi 49) ni 2. Pointi ya kila somo unaizidisha kwa krediti zake, unajumlisha zote, unagawa kwa jumla ya krediti. Maana yake A ya somo la krediti 6 haifuti C ya somo la krediti 12, na bado nawaona watu wanakesha vimbwetani kwa ajili ya somo dogo kwa sababu tu mwalimu wake ni mkali.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka siku ya cheti: GPA (huo wastani wa pointi) haikadiriwi kwenda juu, inakatwa. 3.49 haiwi 3.5. Kinachofuata baada ya desimali ya kwanza kinatupwa, unabaki na 3.4, na 3.4 ni daraja la pili la chini. La pili la juu linaanzia 3.5 hadi 4.3, la kwanza ni 4.4 kwenda juu.

Semista hiyo iliyopita alinijia binti mmoja wa mwaka wa tatu, semista ya mwisho ndiyo kwanza inaanza. Alikuwa miongoni mwa wale wanne. Amebeba daftari la shule ya msingi, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Alikuwa na krediti 300 na pointi 1,026, yaani 3.42. Ananiambia: "Mwalimu, nimebakiza kidogo tu kufika 3.5, nikipata B+ nyingi nimetoka." Nikamwambia tukokotoe. Krediti 360 mara 3.5 ni 1,260. Toa 1,026, zinabaki 234 za kutafuta ndani ya krediti 60. Alikuwa na masomo matano ya krediti 12 kila moja. Tukajaribu B+ nne na B moja: 19 mara 12 ni 228, jumla 1,254, gawa kwa 360, unapata 3.48. Inakatwa. 3.4.

Alinyamaza. Akaandika upya kwa kalamu nyekundu, jibu likawa lilelile. B moja tu bila A ya kuifidia ndiyo ingemweka chini ya mstari. Ilibidi masomo matano yampe jumla ya 20 badala ya 19, na hiyo ndiyo ikawa sababu ya kuzungumza kwa makini kuhusu somo lake la hiari. Alikuwa amechagua lile ambalo wenzake wanasema "lina soko". Nikamwomba matokeo yake yote ya nyuma. Kila somo lenye ripoti na mradi alikuwa na 65 kwenda juu. Kila somo la mtihani wa saa tatu unaobeba kila kitu, anaangukia hamsini na kitu. Tukabadilisha somo siku hiyohiyo, dirisha la kusajili lilikuwa limebakiza siku mbili kufungwa.

Huo ndio ushauri wa taaluma, wakuu. Hauna hotuba ndani yake. Ni daftari, kikokotoo na tarehe.

Jambo la pili ni ugonjwa. Kuna kijana alikuja juzi na kadi ya zahanati. Malaria, tarehe ya siku moja kabla ya mtihani. Akaenda kwenye mtihani hivyohivyo anatetemeka, akapata E. Nikamuuliza kwa nini hakuileta kadi siku ileile. "Nilijua nitaweza, mwalimu." Sikilizeni: ukiomba kuahirisha mtihani kabla haujafanyika, ukiwa na karatasi ya hospitali, utafanya mtihani maalumu na alama zako zitahesabika zote kama mtu wa mara ya kwanza. Ukishaingia chumbani ukakaa na kuandika jina, umefanya mtihani. Ukifeli unakwenda sapu (mtihani wa marudio), na sapu hata upate 90 unaandikiwa C. Yule kijana sasa hivi dari yake kwenye somo hilo ni pointi 2, na ni kijana wa A.

Kwa mshauri usije mikono mitupu. Njoo na matokeo yako yote, njoo na kitabu cha kanuni cha chuo (kipo kwenye tovuti, nusu yenu hamjakifungua), njoo na swali moja lililoandikwa. Mtu akiniambia "mwalimu nishauri", namuuliza nimshauri nini, anacheka, tunacheka wote, anaondoka.

Bumu (pesa ya mkopo) hakuna anayesahau kulisaini. Fomu ya kusajili masomo ndiyo mnawaachia CR, kiongozi wa darasa. Ulizeni, nipo.

#2 Kimbweta

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Mkuu hilo la kukata desimali umenivuruga. Mimi nina 4.38 na nyumbani nimeshawaambia nina daraja la kwanza 😭

#3 Mwalimu wa Zamu

Kimbweta, uko mwaka wa ngapi? Kama bado una semista, lete krediti na pointi zako hapa tukokotoe. Kama umemaliza, 4.3 ni daraja la pili la juu, na si haba. Kazi ya mkufunzi msaidizi vyuoni inataka kuanzia 3.8, kwa hiyo kuna milango uko ndani tayari. Nyumbani waambie taratibu, baada ya chakula.

#4 Jembe la Mkono

Mleta uzi unaongea vizuri, lakini hayo ni ya kwenye makaratasi. Mshauri wangu mlango una kufuli. Nimeenda mara nne. Kuna karatasi imebandikwa: ushauri Jumanne saa 4 hadi saa 6. Jumanne saa 4 mimi niko maabara, na yeye anajua tuko maabara kwa sababu ratiba hiyo kaipanga yeye. Mara ya tano nikamkuta anatoka, funguo za gari mkononi, akaniambia nimtumie barua pepe. Nimetuma. Mpaka leo kimya.

Sasa hapo mwenye kosa ni mimi?

#5 Mwalimu wa Zamu

Kosa si lako, na sitamtetea. Ila nikueleze kinachoendelea nyuma ya huo mlango, halafu uamue mwenyewe.

Hakuna mhadhiri anayepandishwa cheo kwa kushauri wanafunzi. Anapandishwa kwa machapisho. Mwenzangu hapa ofisini ana somo la watu 400, anasahihisha mwenyewe, anasomea PhD, na kwenye droo ana orodha ya wanafunzi 60 wa kuwashauri ambayo hakuna siku ametokea mtu kumuuliza ameifanyia nini. Kitu kisichoulizwa huwa kinasubiri. Si haki, lakini ndivyo kilivyo.

Fanya hivi. Barua pepe iandike upya: kwenye kichwa weka namba yako ya usajili na swali lenyewe, mfano "Naomba idhini ya kubadili somo la hiari kabla ya Ijumaa". Ndani mistari mitano, isizidi. Barua yenye "Habari mwalimu, natumaini u mzima" na aya tatu za historia ya ukoo huwa tunasema tutaisoma jioni. Wiki ikipita bila jibu, nenda kwa mkuu wa idara na nakala ya barua mkononi, omba upangiwe mshauri mwingine. Kwa adabu, bila kushtaki. Unayo haki hiyo.

Na kabla ya mkuu wa idara, pitia kwa katibu muhtasi. Yule dada ndiye anayejua nani yuko safari, nani amejifungia na nani atakuwepo alasiri. Msalimie vizuri. Mimi nimemaliza chuo kwa salamu zake.

#6 Binti wa Pwani

Mnazungumzia kufuli na barua pepe, mimi naomba niseme lile mnalolizunguka. Sisi wasichana tunaogopa ofisi hizo. Si wote, wapo walimu wanaotulea kama wazazi. Lakini nilipokuwa mwaka wa pili niliambiwa na mtu mwenye jina kubwa pale idarani kwamba mambo yangu ya sapu "tuyazungumze sehemu tulivu, si hapa". Nilirudi bwenini nikalia. Sikwenda tena ofisi yoyote mpaka nahitimu. Kuna masomo nilichagua vibaya kwa sababu tu sikutaka kugonga mlango wa mtu.

#7 Mwalimu wa Zamu

Dada yangu, pole sana, na asante kwa kulisema wazi. Hili nilipaswa kulianza mimi.

Kwa walio vyuoni sasa: shughuli ya ushauri wa taaluma inafanyika ofisini, saa za kazi, mlango wazi. Hakuna somo, sapu wala alama inayohitaji "sehemu tulivu". Una haki ya kwenda na mwenzako akakaa pembeni, na mshauri mwenye akili timamu atafurahi. Mimi kiti cha wageni nimekiweka upande wa mlango kwa makusudi, anayepita koridoni anatuona wote wawili.

Ukiombwa kitu cha namna hiyo, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa namba 113, bure. Vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia pia. Ujumbe wa simu usiufute hata kama unakutia kinyaa, huo ndio ushahidi.

#8 Mwanagenzi wa Mombasa

Salamu kutoka upande huu wa mpaka. Sisi Kenya hatuna hayo mambo ya GPA kwa vyuo vingi vya umma, tunatumia wastani wa alama: 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 la pili juu, 50 hadi 59 la pili chini. Kwa hivyo hesabu zenu zimenipita kidogo.

Lakini nyinyi mna bahati mnalia kuhusu alama mlizopata. Sisi kilio chetu ni alama zilizopotea. Unafika mwaka wa nne, unachukua transkripti, somo la mwaka wa pili liko tupu. Ulikaa mtihani, ulitia sahihi, mwalimu alikuwa wa mkataba na mkataba uliisha, yuko mji mwingine. Unaanza safari ya ofisi hadi ofisi na wenzako washapima majoho. Mimi nilichukua miezi mitano. Kilichoniokoa ni kwamba karatasi zangu zote za mitihani midogo nilizihifadhi kwenye faili, na kadi ya mtihani iliyotiwa sahihi ya msimamizi sikuitupa.

Ninayowashauri wadogo zangu ni moja: kila matokeo yakitoka, siku hiyohiyo, hesabu masomo. Usiangalie alama kwanza. Hesabu kama yametimia.

#9 Mwalimu wa Zamu

Mwanagenzi, hilo la kuhesabu masomo kabla ya kuangalia alama naliiba, nitawaambia wanafunzi wangu ni langu. Hata huku alama hupotea, ila wenzetu mmezidi.

#10 Mbeba Boksi

Niko Marekani mwaka wa nane sasa, nilisomea shahada ya kwanza huku. Nichangie tofauti niliyoiona. Huku mshauri ni ajira kamili, kuna watu kazi yao ni hiyo tu tangu asubuhi, na wana chama chao, NACADA, kilichoanzishwa 1979. Sababu ni kwamba mwanafunzi anaweza kuingia chuo hajui anasomea nini, akakaa mwaka mzima au miwili anaonja masomo. Bila mtu wa kumwongoza anaweza kumaliza pesa ya baba hajamaliza shahada.

Na wana kufuli yao pia, Jembe, ila ni ya upande mwingine. Kwenye vyuo vingi akaunti yako inafungwa usiweze kusajili masomo mpaka umwone mshauri naye aifungue. Mwanzoni niliona ni utoto. Semista ya tatu mshauri wangu akagundua nimejisajili somo ambalo sijasoma la kulitangulia. Angeniacha ningezama.

#11 Mwalimu wa Zamu

Hapo umegusa penyewe. Huku kwetu mwanafunzi anaingia chuo programu yake imeshafungwa tangu udahili, kwa tahasusi aliyosoma kidato cha tano. PCM (fizikia, kemia, hisabati) anajua njia yake, HGL (historia, jiografia, lugha) anajua yake. Kwa hiyo tunajiaminisha kwamba hakuna cha kushauri, reli imeshatandikwa. Kumbe ndani ya reli hiyo kuna masomo ya hiari, kuna sapu, kuna kuahirisha, kuna mafunzo kwa vitendo, na kuna wale waliopanda treni isiyo yao.

Hilo la kufunga usajili nililipendekeza kwenye kikao cha idara. Nikaulizwa: "Na mshauri asipokuwepo?" Sikuwa na jibu. Jembe la Mkono, kisa chako ndicho kilichokuwa kinaulizwa hapo.

#12 Mama Wawili

Hamjambo. Mimi ni mzazi, samahani kama uzi ni wa wanafunzi. Mwanangu wa kwanza ameingia chuo mwaka huu. Amepata programu aliyoijaza chaguo la tatu, na kila nikimpigia analia. Jana ameniambia ataacha arudi nyumbani akafuge kuku. Baba yake anasema avumilie. Mimi sijui nimwambie nini, sikufika chuo.

#13 Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mama. Si uzi wa wanafunzi tu, karibu sana.

La kwanza, na la leo leo: asiondoke chuoni kimya kimya. Mwanafunzi akipotea bila barua, chuo kinamhesabu ametoroka, na huko mbele akitaka kurudi itakuwa kesi. Kama ni lazima apumzike, kuna kuahirisha masomo kwa barua, na nafasi yake inabaki.

La pili, kuhama programu kunawezekana mwaka wa kwanza, ila dirisha lake ni la wiki za mwanzo tu na likifungwa limefungwa. Anatakiwa awe na vigezo vya programu anayoitaka, na nafasi iwepo. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa mwenye kidato cha sita ni principal mbili (masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango kamili) zenye jumla ya pointi 4, lakini programu nyingi zinataka zaidi ya hapo na masomo yenyewe yametajwa. Aangalie kwenye mwongozo wa TCU asiende kwa kusikia. Kama ana mkopo, kabla ya kusaini chochote apite ofisi ya mikopo ya chuo, kwa sababu Bodi ya Mikopo nayo lazima ijue amehama, la sivyo bumu linamtafuta kwenye programu ya zamani.

La tatu, mama, mwulize analia kwa sababu ya programu au kwa sababu ya chuo. Nimeshapokea wengi. Kuna mmoja aliyetaka kuhama, tukakaa nusu saa, ikatoka kwamba anakula mlo mmoja kwa siku na analala kwa kubebwa, yaani kitanda kimoja na mwenzake. Programu haikuwa na kosa lolote.

Na umwache aje ofisini mwenyewe. Ukinipigia wewe kuuliza maendeleo yake, kanuni hainiruhusu kukueleza bila yeye kukubali, nitaonekana nina kiburi bure.

#14 Mama Wawili

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Hilo la chakula sijamuuliza. Namtumia ujumbe sasa hivi.

#15 Kimbweta

Mkuu, tusizunguke. Yule binti wa daftari la jedwali alipata ngapi? Nimeshindwa kulala.

#16 Mwalimu wa Zamu

😂 A moja, B+ tatu, B moja. Kokotoa.

#17 Kimbweta

5 + 12 + 3 = 20. Mara 12 ni 240. Jumlisha 1,026 unapata 1,266. Gawa 360... 3.51! Amepenya!!

A alipata ya somo gani?

#18 Mwalimu wa Zamu

Lile tulilobadilisha. Ripoti ya kurasa 40, nimesahihisha mwenyewe sura mbili zake. Ile B ilikuwa ya somo langu, na bado tunasalimiana.

#19 Jembe la Mkono

Wakuu nimerudi, siku tisa baadaye. Barua niliandika mistari mitano kama alivyosema mleta uzi. Hakujibu. Nikaenda kwa katibu muhtasi, nikamsalimia, nikamsaidia kubeba katoni mbili za karatasi hadi stoo. Akaniambia, "Huyo Alhamisi saa 8 huwa anakula hapo nje kwa mama ntilie, mfuate akimaliza, si kabla."

Nikamfuata. Akaniangalia, akaenda nami ofisini, akafungua kabati, faili langu lipo! Ndani kuna karatasi moja tu, yenye jina langu na namba ya usajili. Akafungua mfumo, akahesabu na mimi nikihesabu. Somo moja la mwaka wa pili nimelifanya, nina alama zake za kosiweki (kazi na majaribio ya semista), lakini kwenye usajili halipo. Ningefika mwaka wa tatu nikaimba wimbo wa mleta uzi.

Amenipa hadi Jumatano nipeleke fomu ya marekebisho ya usajili na sahihi ya mwalimu wa somo. Swali langu: hiyo fomu huwa inauzwa? Kuna jamaa wa stationari anasema anazo, elfu mbili.

#20 Mwalimu wa Zamu

Haiuzwi. Ipo kwa dada uliyembebea katoni.